Shambulio Halikuulizi Cheti cha Ndoa, Mbona Fidia Ikuulize?

Cheki hii. Umeishi na mtu keja moja miaka mingi. Mnachangia kodi, mnalipa bili, akiugua ni wewe unampeleka hosi. Asubuhi moja anaenda job na harudi, ameuawa na magaidi. Serikali inaleta fidia, halafu unaulizwa: "Kwani wewe ni nani wake?"

Hiyo si filamu. Septemba 11, 2001, karibu watu 3,000 waliuawa Marekani. Bunge lao likaunda mfuko wa fidia, ukasimamiwa na wakili Kenneth Feinberg. Ulilipa karibu dola bilioni 7, na kila familia ya marehemu ilipata wastani wa kama dola milioni 2. Ukichukua hiyo doo, hukuruhusiwa kushtaki kampuni za ndege.

Noma ilianzia hapa. Nani alipwe ilitegemea sheria ya jimbo la marehemu, na wakati huo hakuna jimbo hata moja lilikuwa linafungisha ndoa za jinsia moja. Massachusetts ilianza 2004. Feinberg mwenyewe ameeleza ilikuwa aje: familia ya marehemu ikikubali, mpenzi analipwa. Wakizozana, anafuata sheria ya jimbo. Yaani kama wakwe hawakukupenda, umeisha.

Mama mmoja aliyepoteza mpenzi wake wa kike pale Pentagon alilipwa na mfuko huo zaidi ya dola 500,000. Lakini alipoomba msaada wa wahasiriwa wa uhalifu jimboni Virginia, akaambiwa hapana, hamkuwa mmeoana. Marehemu ni mmoja, majibu mawili.

Najua utasema pesa ni ya wazazi, damu ni damu. Sawa, wazazi wanaumia, na wengine walikuwa wanategemea huyo mtoto. Wapewe haki yao. Lakini sehemu kubwa ya fidia ile ilihesabiwa kwa mshahara ambao marehemu angeendelea kuleta. Sasa jiulize, angeupeleka keja gani?

Kuna njia poa zaidi, na wao wenyewe waliiona. Padri Mychal Judge, wa kikosi cha zimamoto New York, alikufa siku hiyo. Hakuwa na mke, mtoto wala mzazi aliye hai, na fidia ya serikali kuu ilikuwa ya hao tu. Juni 2002 wakapitisha sheria yenye jina lake: kama hakuna mke wala mtoto, dola 250,000 za polisi au mzima moto aliyekufa kazini ziende kwa yule alimwandika kwa bima yake ya maisha. Kwa lugha rahisi, muulize marehemu.

Sisi pia tunaijua hii uchungu. Kuna Wakenya walioumizwa na bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi, Agosti 7, 1998, na mpaka leo wanadai fidia.

Sheria ya Kenya haitambui ndoa za jinsia moja, na wengi wenu hamtaki hata kuskia hiyo story. Fiti. Lakini wangapi mko come-we-stay, bila cheti, bila mahari? Kesho ukienda, huyo mtu wako atasimama mbele ya mjomba wako wa ushago akiwa na nini mkononi?

Fomu ya sacco ina nafasi ya jina. Umeandika la nani?