Lori la mafuta likipinduka kijijini: nusu saa ya kwanza ni ya nani?

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, lori lililobeba petroli lilipinduka eneo la Msamvu, mjini Morogoro, jirani na stendi ya mabasi. Watu walikuja na madumu na ndoo, boda boda zikaegeshwa pembeni, wengine wakasimama tu kutazama. Kisha moto ukalipuka. Waliofariki siku ile walikuwa zaidi ya 50, na majeruhi wengi waliopelekwa Muhimbili wakaendelea kufariki wiki zilizofuata mpaka idadi ikapita 100.

Msamvu si peke yake. Sachangwan, Kenya, Januari 2009, zaidi ya watu 100 walifariki kwa namna hiyohiyo. Sange, Kongo, Julai 2010, zaidi ya 200. Oktoba 2024 ikawa zamu ya Kigogwa, nje kidogo ya Kampala, ambako walifariki zaidi ya 10. Ukiiangalia barabara yetu ya kwenda Tunduma, na ile ya kati inayopeleka mafuta Rwanda, Burundi na Kongo, unaona kwamba kijiji chochote kilichopo kandokando yake kinaweza kuwa kinachofuata.

Kila mara baada ya msiba kama huu, neno linalosikika ni moja: tamaa. Viongozi hulisema, na wasikilizaji wetu hulituma kwa meseji. Neno hilo lina ukweli ndani yake, ila linaficha mambo mawili. La kwanza ni kwamba wengi wanaokufa hawakuchota hata kijiko. Kule Sange, sehemu kubwa ya waliofariki walikuwa wamekaa kwenye ukumbi wanaangalia mechi ya Kombe la Dunia. Sinai, Nairobi, Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka kwenye bomba ikaingia kwenye mtaro uliopita katikati ya nyumba, na moto ukawafuata watu majumbani kwao. La pili ni kwamba ukimwambia mtu "acha tamaa" bila kumweleza petroli inavyofanya kazi, hujampa sababu ya kukimbia. Mtu anayeona kidumu cha lita 20 ambacho ni sawa na kibarua cha siku kadhaa, na haoni moto popote, atajiambia kwamba bado kuna muda.

Hapo ndipo kosa lilipo. Petroli ile ya maji unayoiona chini siyo inayoshika moto. Kinachowaka ni mvuke wake. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo kwenye jua letu la saa saba mchana inatoa mvuke muda wote bila kusubiri kuchemshwa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Haupandi juu kama moshi wa kuni. Unatambaa chini, unafuata mteremko, unaingia kwenye mtaro, kwenye kalavati, kwenye korongo, chini ya mlango wa nyumba. Ukikutana na jiko la mkaa la mama lishe aliye mbali kabisa na lori, unawaka pale jikoni, na moto unarudi kwa kasi kufuata njia ileile mpaka kwenye tenki. Aliyekuwa anachota hapati hata nafasi ya kugeuka.

Kwa hiyo usiulize kama kuna moto. Uliza upepo unaelekea wapi na mteremko unaelekea wapi. Rusha vumbi kidogo hewani, au tazama majani ya migomba. Upande unaokwenda upepo na upande wa bondeni ndiko kwenye kifo, hata kama lori lenyewe limeangukia ng'ambo ya barabara.

Na cheche inatoka wapi? Sigara kila mtu anaijua. Wasichofikiria wengi ni pikipiki inayowashwa ili kuondoka na kidumu, gari linalopita pole pole ili abiria waone, au mtu anayegonga chuma ili afungue kifuniko cha tenki. Msamvu kulikuwa na maelezo ya mashuhuda kwamba mtu alijaribu kuchomoa betri ya lori. Waya wa betri ukigusa chuma hutoa cheche, na cheche moja kwenye mvuke wa petroli inatosha. Kuhusu simu, watu hubishana sana kama inaweza kuwasha moto. Mimi naona hatari kubwa zaidi ya simu ni kwamba mwenye nayo anasogea mita kumi ili apate video nzuri.

Sasa nusu saa ya kwanza. Magari ya zimamoto yako mijini, kwenye makao makuu ya mikoa na baadhi ya wilaya. Ajali ikitokea kwenye kona za milimani au katikati ya pori, kabla gari hilo halijafika, wenye eneo ni wanakijiji: mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji, mgambo, vijana wa boda boda na dereva mwenyewe kama yuko hai. Wao ndio wataamua ni wangapi watakufa. Sheria ya usimamizi wa maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji. Swali la kumuuliza mwenyekiti wako kwenye mkutano ujao ni jepesi: kamati yetu ni akina nani, na lori likianguka leo usiku, nani anasimama barabarani upande wa juu na nani upande wa chini?

Umbali ndio dawa ya kwanza. Mwongozo unaotumiwa na waokoaji wa Marekani, Kanada na Mexico unasema petroli ikimwagika, watu wakae angalau mita 50 pande zote, na kama imemwagika nyingi, upande unaoelekea upepo uhamishwe mpaka mita 300. Tenki likishika moto, kila mtu aondoke mpaka mita 800 pande zote. Uwanja wa mpira una kama mita 100, kwa hiyo fikiria viwanja vinane. Kwa vijiji vyetu ambavyo nyumba zimejipanga pembezoni mwa lami, mita 800 maana yake ni kijiji kizima. Ndiyo maana tangazo la msikiti, kengele ya kanisa na filimbi ya mgambo vina kazi kubwa kuliko ndoo mia za maji.

Anayepiga simu asimame kwanza mahali salama, ndipo apige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, bila malipo, au 112 ya polisi. Aseme kijiji, jina la kona au mto, na lori limeelekea wapi. Kama anaweza kulisoma kwa mbali, aseme namba ya kile kibao cha rangi ya chungwa ambacho malori mengi ya masafa marefu hubeba nyuma au ubavuni. Namba ya chini yenye tarakimu nne inataja mzigo: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1223 ni mafuta ya taa. Namba ya juu inaeleza hatari: 30 ni kimiminika kinachowaka, 33 ni kinachowaka kwa urahisi sana, 23 ni gesi inayowaka. Mzimamoto akisikia 33 na 1203 anajua apakie nini kabla ya kuondoka kituoni. Ila usisogee kwa sababu ya kibao. Kama hakisomeki, sema hakisomeki.

Dizeli haitoi mvuke wa kuwaka kwenye joto la kawaida kama petroli, na kuna watu wanaojua hilo wakalitumia kama ruhusa ya kuchota. Tatizo ni kwamba malori mengi yana vyumba kadhaa, na chumba kimoja kinaweza kubeba petroli na cha pili dizeli. Tangu mwaka 2023 bomba la TAZAMA linalotoka Dar es Salaam kwenda Ndola linasafirisha dizeli, hivyo sehemu ya dizeli ya Zambia imetoka barabarani. Petroli bado inapita kwa malori. Kwa mtu wa Mikumi au Makambako, usibahatishe kwamba kilichoanguka ni dizeli.

Wasikilizaji hulalamika pia kwamba zimamoto wakifika "wanasimama tu". Mara nyingine wanafanya hivyo kwa makusudi. Petroli huelea juu ya maji, hivyo ukiimwagia maji ya kawaida unaisambaza na moto wake hadi kwenye nyumba zilizokuwa salama. Kinachohitajika ni povu maalumu linalofunika mafuta na kuzuia mvuke. Maji hutumika kwa mbali kupoza tenki lisipasuke. Na tenki likianza kutoa mlio unaopanda au kubadilika rangi kwa joto, hata wao wanatakiwa kurudi nyuma mara moja. Kama povu halitoshi na hakuna mtu ndani, kuacha mafuta yaungue huku wakilinda nyumba za jirani ni uamuzi wa kitaalamu. Lakini hilo halimwondolei halmashauri swali la kwa nini wilaya yenye lami inayopitisha malori ya mafuta usiku na mchana iwe na gari moja la zimamoto, au isiwe nalo kabisa. Mafuta hayo yanalipiwa ushuru na tozo; vijiji vinavyobeba hatari vina haki ya kuuliza wanapata nini.

Gumu kuliko yote ni dereva aliyebanwa ndani. Hakuna mwongozo utakaomfanya mtu asimwonee huruma. Wakienda, waende wawili au watatu tu, kutoka upande unaotoka upepo, bila pikipiki, bila panga la kugonga chuma, na wengine wote wakiwa mbali. Umati wa watu mia mbili haumwokoi dereva, unamzibia njia.

Aliyeungua aondolewe kwenye moto, azimwe kwa kubingirishwa chini au kufunikwa kwa blanketi, avuliwe nguo zilizolowa petroli isipokuwa zilizogandamana na ngozi, kisha sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si unga, si mafuta ya kupikia. Afunikwe kwa kitambaa safi na apelekwe hospitali hata kama anaongea vizuri; wengi wa Msamvu walifika hospitali wakiwa hai.

Hata moto usipotokea, kuna madumu yaliyoingia majumbani usiku ule. Petroli chini ya kitanda, kwenye nyumba yenye kibatari, ni Msamvu ndogo inayosubiri. Mwenyekiti ayakusanye na kuyakabidhi polisi bila kumkamata aliyeyatoa mwenyewe, la sivyo yatafichwa. Na kama lori lilimwaga karibu na kisima au mto, mfereji uzibwe kwa udongo mkavu mara tu zimamoto watakaporuhusu kusogea, mifugo ipelekwe kunywa kwingine, na maji yale yasitumike hata yakiwa hayanuki, mpaka watu wa maji wa wilaya wachukue sampuli na kutoa majibu.