Ukakasi Si Kasoro

Pana watu Dodoma, na wasomi wamo miongoni mwao, wasemao kwamba divai nyekundu isiyo na sukari haifai kwa kuwa ni kali. Neno hilo limetwishwa mzigo usiokuwa wake. Pilipili ni kali, na siki ni kali. Lakini kile kikazacho ulimi na kukausha ufizi, mtu alapo ndizi mbichi au bibo, lugha yetu ilikwisha kukipa jina zamani: ukakasi. Asiyepambanua mambo haya mawili ahukumu kitu asichokijua jina.

Ukakasi wa divai hutoka katika maganda na mbegu za zabibu, nao ni moja ya nguzo za maisha yake marefu. Tuitazame Barolo, divai ya vilima vya Piemonte nchini Italia, itengenezwayo kwa zabibu za Nebbiolo. Ikiwa changa, ukakasi wake ni mwingi mno. Watengenezaji wa jadi hawakuufunika kwa sukari. Waliitia divai katika mapipa makubwa ya mwaloni, wakangoja. Hata leo sheria yao yataka ikae miezi 38, na 18 kati ya hiyo iwe ndani ya mapipa; ile iitwayo Riserva hukaa miezi 62. Katika muda huo ukakasi hulainika, mashapo huzama, rangi huelekea ile ya tofali, na harufu ya matunda huipisha harufu ya waridi lililokauka na ya lami.

Sisi twafanya kinyume. Wamisionari wa Kitaliano walipanda mizabibu Bihawana mwaka 1957; tukaupokea mmea, tukaiacha subira yake. Twaipima divai kwa kipimo cha pombe ya mtama na wanzuki, ambavyo uzuri wake ni kunywewa vingali vipya. Kipimo hicho ni haki kwa pombe; kwa divai ni dhuluma. Kisha twaiweka katika friji ipoe kama soda, ilhali ubaridi huzidisha ukakasi. Tukiisha kulalamika, mtengenezaji humsikiliza mnunuzi, akaongeza sukari.

Mpinzani atasema kwamba kungoja ni anasa ya matajiri, na mkulima wa Hombolo ahitaji fedha msimu huu. Ni kweli ahitaji. Lakini haraka haikumtajirisha. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu iliyoiva haingoji. Mnunuzi asipotokea, huozea shambani. Divai ingekuwa ghala la mavuno hayo, kama tungekubali kwamba ghala ni mahali pa kuweka. Sisemi kila chupa izeeke, maana divai mbovu haitengenezwi na miaka. Nasema viwanda vitenge mapipa machache ya mavuno bora, viyaweke chini ya ardhi pasipofikiwa na joto la uwanda wetu. Mzigo wa kungoja na ubebwe na mwenye kiwanda na benki; mkulima alipwe siku zabibu zake zipimwapo.

Mnywaji naye ana wajibu. Aitoe divai nyekundu katika friji mapema, ainywe na nyama ya mbuzi ya kuchoma, ambayo hupunguza ukakasi, na ataje kwa neno lake kile akionjacho. Asemaye "ni kali" ataongezewa sukari. Asemaye "ina ukakasi, ingali changa" amemwambia mtengenezaji jambo la kufanya, nalo ni kungoja.