Nilibeba kamba hadi Kyela, nikapika usipa

Mwezi huu naomba tuingie jikoni, hasa nyie akina baba mnaodhani kazi yenu ni kuuliza tu chakula kitaiva saa ngapi. Msininunie, nami nilikuwa mwenzenu.

Mke wangu alihamishiwa kikazi Kyela, mimi nikabaki Dar. Kwa miezi saba yeye ndiye aliyekuwa anapanda basi kunifuata, zaidi ya kilomita 900. Mimi sikukosa sababu: mara kazi nyingi, mara mvua, mara nauli. Siku moja kwenye simu nikaropoka, "Sasa nikija huko tutakula nini cha maana?" Akanyamaza. Wanaume wenzangu, mke akigomba kuna nafuu. Akinyamaza, ujue umekanyaga pabaya. Wiki nzima meseji zangu zikawa zinajibiwa "sawa" na "poa" basi.

Nikaamua kujirekebisha. Kumbukumbu ya ndoa yetu ilikuwa inakaribia, nikapanga nikampikie tambi za kitunguu saumu na kamba, chakula tulichokula hotelini siku nilipomwomba tuoane. Asubuhi nikaenda Feri, nikanunua kilo nzima ya kamba, nikawafukia kwenye barafu ndani ya ndoo yenye mfuniko. Nilipompigia kumwambia naja na kamba, akadhani nampiga kamba kama kawaida yangu!

Basi likaharibika njiani, tukakaa barabarani hadi kukakucha. Nilipoteremka Kyela siku ya pili jioni, barafu imekuwa maji ya uvuguvugu na harufu imetangulia kushuka. Kamba akishatoa harufu kali haokolewi na ndimu wala saumu, ni kumtupa tu. Nikamwaga kilo nzima huku mke wangu ananitazama.

"Umenibebea Dar kwenye ndoo," akaniambia taratibu. "Hukuniuliza hata mara moja huku kuna nini."

Jamani, maneno yale yaliniingia.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Alfajiri akanipeleka Matema, tukapitia Ipinda, mashamba ya mpunga na mikakao kando ya njia, hadi pale Milima ya Livingstone inapokutana na Ziwa Nyasa. Tukatembea hadi Lyulilo kwenye soko la vyungu vya akina mama wa Kikisi. Kila hatua chache mke wangu anasalimiwa, anaitikia Kinyakyusa, anacheka. Mama mmoja muuza samaki akamuuliza, "Mwanangu, ndiye huyu?" Nikabaki natazama chini. Kumbe mwenzangu ana maisha mazima huku, na mimi kwa miezi saba sijauliza hata jina la jirani yake.

Ziwa hili lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani, lakini kamba wale wa Feri ni wa maji chumvi, hapa huwapati. Wapo usipa, samaki wadogo wembamba wanaovuliwa usiku kwa taa. Na usidhani tambi na samaki wadogo ni kubahatisha. Kule Sicilia, kusini mwa Italia, tambi na dagaa wa baharini ni chakula cha asili na cha heshima. Tukanunua usipa wabichi, tukageuza.

Mahitaji kwa watu wawili: tambi ndefu gramu 200, usipa wabichi robo kilo, punje 6 za kitunguu saumu, pilipili moja, ndimu moja, kotmiri kidogo, chumvi, mafuta ya alizeti. Mke wangu aliongeza kijiko kimoja cha mawese ya Kyela, na rangi yake ilipendeza kweli.

Toa vichwa na matumbo ya usipa, osha, kausha kwa kitambaa, wakaange kwenye mafuta ya moto hadi wakauke. Weka pembeni. Chemsha tambi kwenye maji mengi yenye chumvi, uziepue zikiwa bado ngumu kidogo katikati. Usimwage maji yote, bakiza kikombe kimoja.

Kata saumu vipande vyembamba, vitie na pilipili kwenye vijiko vitatu vya mafuta, moto mdogo. Hapa ndipo wengi tunaharibu: saumu ikiwa kahawia inakuwa chungu, na uchungu huo hauondoki. Ikianza tu kuwa ya dhahabu, tia tambi na yale maji kidogo kidogo huku unageuza kwa nguvu, mpaka rojo ishike tambi. Kamulia ndimu, nyunyiza kotmiri, usipa juu mwishoni wasilainike.

Wewe uliye Dar au Tanga tumia kamba robo kilo waliomenywa. Wakaange dakika 2 kila upande, wakigeuka rangi ya waridi na kujikunja, toa. Ukiwazidisha watakuwa kama raba.

Tulikula uani kwenye sahani moja. Mke wangu akamaliza, akaramba vidole, kisha akauliza bila kunitazama, "Mwezi ujao nani anapanda basi?"

"Mimi," nikamjibu. "Na ndoo siji nayo."

Akacheka, kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu ile simu.

Msomaji wangu, kama mwenzako yuko mbali kwa ajili ya kazi, zawadi ni nzuri, lakini kabla hujafunga mzigo muulize kwanza: huko uliko, kuna nini kizuri? Halafu nenda ukale naye hukohuko.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.