Tusizitupe tarakilishi kuukuu

Mkulima yeyote wa Othaya au Mukurwe-ini anajua kwamba mkahawa uliozeeka haung'olewi ovyo. Hukatwa shina, machipukizi mapya yakachaguliwa, na baada ya misimu michache ukazaa tena. La kushangaza ni kwamba hekima hiyo tunaiacha mlangoni tunapoingia katika vyumba vya tarakilishi vya shule zetu.

Majuzi, katika shule moja ya upili viungani mwa mji wa Nyeri, nilionyeshwa tarakilishi zilizorundikwa pembeni na kufunikwa magunia. Niliambiwa kwamba zimekufa. Ukweli ni kwamba hazikuwa zimekufa, bali zilikuwa zimelemewa. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft imekoma kutoa huduma ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10, nao Windows 11 unadai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4 pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine nyingi kuukuu hazina.

Je, ni lazima wazazi wachangishwe tena? Sioni sababu. Mwaka wa 1991, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alianzisha Linux, ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza na kuibadilisha bila malipo. Juu yake huwekwa mazingira ya dawati, yaani menyu, utepe na madirisha tunayoyaona kwenye kiwambo. Yako mazito na yako mepesi. Xfce, iliyoanzishwa na Mfaransa Olivier Fourdan mwaka wa 1996, ni miongoni mwa yale mepesi, na huweza kufanya kazi kwenye mashine yenye gigabaiti 2 tu. Hata hivyo, tusidanganyane: kurasa za intaneti zitaendelea kula kumbukumbu nyingi, na mwanafunzi atalazimika kufungua chache kwa wakati mmoja.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, si pesa bali ni elimu. Walimu wengi huwakataza wanafunzi kugusa mipangilio, wakihofia kwamba wataiharibu. Nami nauliza: fundi wa pikipiki pale Karatina alijifunza kazi kwa kuitazama injini iliyofungwa? Mwanafunzi na auhamishe utepe, abadilishe menyu, azime vivuli vya madirisha vinavyoichosha mashine. Utepe ukitoweka, afunzwe kubonyeza Alt na F2 pamoja, aandike xfce4-panel, na autazame ukirudi. Mipangilio hiyo yote imo katika faili za maandishi ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe. Kwa hivyo, kila mwanafunzi akipewa akaunti yake bila nywila ya msimamizi, atakachovuruga ni dawati lake, si la mwenzake. Papo hapo atakuwa amejifunza kutafuta chanzo cha hitilafu badala ya kuzima na kuwasha kwa kubahatisha.

Wako watakaosema kwamba mtihani wa vitendo wa KCSE umezoeleka kufanywa kwa programu za Microsoft. Hoja hiyo ina uzito, na simshauri mwalimu yeyote acheze na mtihani wa watoto wa wenyewe. Mashine zenye nguvu na zibakie kwa mazoezi hayo. Zile zilizo chini ya magunia ndizo zipewe uhai mpya, ili wanafunzi wa madarasa ya chini wasiendelee kung'ang'ania kibodi moja watu watano.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu pekee. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Hilo liliwezekana kwa sababu programu huria hazimfungii mtu mlango.

Hapa Nyeri tunacho Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Hapana budi walimu wakuu wawaalike wanafunzi wake waje, hata kwa Jumamosi moja tu, wafunue magunia hayo pamoja na vijana wetu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.