Fundi Hakati Kanzu Bila Kupima

Nani hapa Mji wa Kale amewahi kuona fundi akikata kanzu bila ya kumpima mwenyewe? Basi mbona watengenezaji wa programu za kompyuta wafanya hivyo?

Muhula uliopita nilirudishwa nyumbani kwa ada ambayo mama alikwisha lipa. Programu mpya ya shule yataka majina mawili tu, nasi darasani tuko watatu wenye jina moja, na baba zetu vile vile! Pesa zangu zikaingia kwa mwenzangu. Karani wetu kwenye daftari lake huandika hadi jina la babu, lakini hakuna aliyemuuliza. Siku mbili za masomo zikanipita hivi hivi.

M-Pesa ilipoanza kujaribiwa mwaka 2005, waundaji walikusudia watu walipe mikopo midogo. Watumiaji wakawa watumiana pesa wao kwa wao. Waundaji wakaliona hilo, na Machi 2007 Safaricom ikaizindua kwa kazi hiyo hiyo.

Wako watakaosema karani hajui kompyuta. Sawa, hajui. Hata mimi sijui kushona, lakini bega ni langu. Twaambiwa programu itarekebishwa likizoni. Naomba fundi akija aketi na karani kwanza, japo kwa kikombe kimoja cha kahawa.