Kurusha si Kuakisi: Haja ya Istilahi Sahihi Sebuleni

Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii ina uzito mpya katika zama hizi ambapo vyombo vya mawasiliano hubadilika kabla ya majina yake kukomaa vinywani mwa watumiaji. Miongoni mwa mabadiliko yaliyoingia kimyakimya katika sebule za Wakenya ni uwezo wa kuchukua kilichomo katika simu au tarakilishi na kukionyesha katika kioo kikubwa cha televisheni bila waya wowote. Wapo wanaosema 'kuunganisha simu na TV', wapo wanaosema 'kutuma', wengine husema 'kurusha', na wengi, hasa vijana, hulichukua neno la Kiingereza na kulipachika viambishi vya Kiswahili. Makala haya yanashikilia kuwa mkanganyiko huo si suala la wapenzi wa lugha peke yao. Unawagharimu watu fedha na, baya zaidi, unazianika siri zao hadharani.

Ikumbukwe kuwa televisheni ilianza nchini Kenya mwaka wa 1962. Kwa miongo mingi ilikuwa chombo cha kupokea tu: kituo kilirusha matangazo, antena ikayanasa, nayo familia ikakaa kutazama. Hata uhamaji kutoka mfumo wa analogi hadi wa dijitali, uliozua mvutano mkubwa mwaka wa 2015, haukuubadilisha uhusiano huo. King'amuzi kiliongezwa kando ya televisheni, lakini mtazamaji alibaki kupangiwa cha kutazama. Kisha simu za kisasa zikaenea. Kila mtu akapata kioo chake kidogo, na jamaa waliozoea kucheka pamoja wakaanza kucheka mmojammoja, kila mmoja pembeni pake. Kwa hivyo, teknolojia inayokitoa kipindi simuni na kukirejesha katika kioo cha pamoja ni neema. Nyanya asiyeweza kusoma maandishi madogo ya simu anaweza sasa kuitazama arusi ya mjukuu wake aliye ng'ambo, watoto wakiwa wameketi miguuni pake. Neema hiyo, hata hivyo, ina milango zaidi ya mmoja, na si kila mlango hupelekea mahali pamoja.

Ni muhimu kutofautisha mambo matatu ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya.

La kwanza ni kutiririsha. Zamani mtu aliyetaka filamu kutoka mtandaoni alilazimika kuipakua yote, kisha ndipo aitazame. Katika kutiririsha, filamu huja vipande vipande na kuonyeshwa papo hapo huku vipande vingine vikiwa njiani. Tofauti yake ni kama ile ya kujaza mtungi kwanza ndipo unywe na ya kukinga kikombe moja kwa moja kwenye mfereji. Kampuni ya Netflix ilipofungua huduma yake nchini Kenya mnamo Januari 2016, ilileta maji ya mfereji wa aina hii.

La pili ni lile ambalo mtaa umeanza kuliita kurusha. Hapa simu haiibebi filamu kuipeleka kwenye televisheni. Huipa televisheni anwani ya filamu hiyo, nayo televisheni, au kifaa kidogo kilichochomekwa nyuma yake, huenda mtandaoni kuitafuta yenyewe. Chromecast ya kampuni ya Google, iliyotolewa mwaka wa 2013, ndiyo iliyoieneza njia hii. Kifaa hicho kilikoma kutengenezwa mwaka wa 2024, lakini njia yenyewe imeendelea kuwekwa ndani ya televisheni nyingi. Kipindi kikishaanza, simu hubaki kuwa rimoti tu. Mwenyewe anaweza kupokea simu au kusoma ujumbe, na walioketi sebuleni wasione lolote ila filamu yao.

La tatu ni kuakisi. Hapa kila kinachoonekana katika uso wa simu hupelekwa papo hapo kwenye televisheni, kama vile kioo kinavyomwonyesha mtu alivyo. Miracast, kiwango kilichozinduliwa mwaka wa 2012, hufanya kazi hii kwa kuviunganisha vifaa viwili moja kwa moja. AirPlay ya kampuni ya Apple, iliyotangulia mwaka wa 2010, huweza kurusha na pia kuakisi, jambo linalozidi kuwakanganya watumiaji. Katika kuakisi, simu haina chumba cha ndani. Ukifungua picha, inaonekana. Ukiandika nywila, kila herufi inayojitokeza simuni hujitokeza na ukutani. Ujumbe ukiingia, huingia machoni pa wote.

Msomaji na atafakari yanayoweza kutokea. Mwalimu ameiakisi simu yake ili wanafunzi watazame video ya ngonjera. Katikati ya ubeti, unatokea ujumbe wa kupokea fedha, ukiwa na jina la aliyetuma, kiasi kilichotumwa na salio lililomo. Darasa zima linasoma. Au msichana amerudi nyumbani likizoni na anawaonyesha wazazi na wageni picha za mahafali. Unaingia ujumbe kutoka zahanati kuhusu majibu ya vipimo vyake. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini hapa mtungi umepasukia sebuleni na kila mtu amejua kilichokuwamo. Msichana huyo hakuwa mzembe. Aliambiwa tu kuwa simu huweza 'kuunganishwa' na televisheni. Hakuambiwa kuwa kuna namna mbili za kuiunganisha, na kuwa moja kati yazo haifichi kitu. Hata nambari ya siri ya muda ambayo benki humtumia mteja inaweza kuanikwa hivyo hivyo mbele ya watu asiowafahamu vyema.

Aidha, kuna suala la gharama. Filamu yenye ubora wa juu inayotiririshwa kutoka Netflix huweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa. Wanafunzi wengi hawana intaneti ya kudumu chumbani. Hununua bando na kuigeuza simu kuwa chanzo cha mtandao kwa vifaa vingine. Anayerusha filamu katika hali hiyo hudhani kuwa maadamu televisheni ndiyo inayoonyesha, bando lake limepumzika. La hasha! Televisheni huteka kutoka kisima kile kile. Kwa upande mwingine, mwenye video iliyohifadhiwa tayari ndani ya simu anaweza kuiakisi kwa Miracast bila kutumia hata chembe ya bando, kwa kuwa vifaa vile viwili huzungumza vyenyewe pasipo intaneti. Wapo wanaonunua bando la kazi ambayo haikuhitaji bando, na wapo wanaolimaliza wakidhani hawalitumii. Wapo pia wanaoakisi filamu ya kulipiwa, wakaona giza katika televisheni, wakamwita fundi. Televisheni haina ubovu wowote. Kinga ya hakimiliki ndiyo iliyozuia filamu hiyo isiakisiwe. Lau wangeirusha, huenda ingeonekana bila shida.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Katika fani hii, kitu kimoja kuwa na majina mawili si hasara kubwa. Wakenya husema tarakilishi, Watanzania wengi husema kompyuta, na hakuna aliyewahi kupotea njia kwa sababu hiyo. Lakini vitu viwili vyenye athari tofauti vikipewa jina moja, jina hilo huwa mtego. Neno 'kutuma' ni pana mno: hutumwa fedha, hutumwa barua, hutumwa mtoto dukani. 'Kuunganisha' nako hakusemi kinachofuata baada ya kiungo kupatikana. Maneno yanayohitajika yamo tayari katika hazina ya Kiswahili, na kila moja hubeba maelezo yake tumboni.

Huenda msomaji makini akauliza: ikiwa simu haipeleki picha yoyote, mbona kitendo hicho kiitwe kurusha? Pingamizi hilo lina mashiko, na wapo watakaopendelea 'kuagiza', kwa kuwa kwa hakika televisheni huagizwa kwenda kuleta. Hata hivyo, neno kurusha lina sifa mbili zinazolifaa. Kwanza, Waswahili wamelizoea kwa muda mrefu katika kurusha matangazo hewani, kwa hivyo halihitaji kutambulishwa upya. Pili, jiwe likisharushwa huuacha mkono wa mrushaji, naye huwa huru kuushughulisha kwingineko. Taswira iliyoakisiwa haina uhuru huo. Huishi maadamu mwenyewe amesimama mbele ya kioo, na akijikuna, nayo hujikuna. Mtu akizielewa picha hizi mbili, atajua bila kuelekezwa kwa nini filamu iliyorushwa huweza kuendelea hata simu ikizimwa, na kwa nini iliyoakisiwa hukatika papo hapo. Atajua pia ni lini inambidi azime taarifa zote za simu kabla ya kuwaita wageni watazame.

Wapo wanaodai kuwa juhudi za namna hii ni kupoteza wakati, kwamba soko ndilo huamua na watu watatumia maneno ya Kiingereza watake wasitake. Dai hili lina ukweli kiasi. Kiswahili hakijawahi kuogopa kukopa. Kitabu ni cha Kiarabu, meza ni ya Kireno, shule ni ya Kijerumani, na hakuna anayeyaona maneno hayo kuwa wageni leo. Kwa hivyo, hoja haiwi usafi wa lugha. Anayetaka kukopa na akope, bora ayakope maneno mawili kwa vitu viwili na awaeleze wenzake tofauti yake. Tatizo ni kuwa neno la Kiingereza linapokopwa na mtu asiyejua maana yake ya asili, huwa sauti tupu. Mwingereza asikiapo neno lake la kuakisi husikia kioo ndani yake, na hivyo huonywa. Mkulima wa Kitui au mvuvi wa Lamu halisikii onyo hilo. Amenyimwa tahadhari ambayo lugha yake ingempa bure.

Isitoshe, historia ya karibuni inaonyesha kuwa istilahi huenea upesi zinapogusa maslahi ya watu. Tangu huduma ya M-Pesa ianze nchini mwaka wa 2007, maneno kama wakala, salio na nambari ya siri yamekita mizizi katika shughuli za fedha za kila siku. Hakuna aliyeyafundisha kwa semina. Watu waliyajifunza kwa sababu kuyachanganya kungewapotezea pesa. Kurusha na kuakisi nako kuna hasara na faida zake. Kinachokosekana ni watu wa kuyatamka maneno hayo kwa uthabiti mahali yanapohitajika.

Jukumu hilo linawaangukia kwanza wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu. Wao ndio wanaotumia teknolojia hii kila uchao, na wao ndio watakaokuwa walimu, watafsiri na watangazaji wa kesho. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini katiba haiingii sebuleni kumfundisha mtu jina la kitufe. Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, huadhimishwa kila tarehe 7 Julai. Katika maadhimisho kama hayo, na katika makongamano ya vyama vya Kiswahili, si ajabu kumsikia msemaji akikisifu Kiswahili kwa ufasaha mkubwa, kisha akageuka na kumwomba fundi wa mitambo kwa Kiingereza amwonyeshee slaidi zake. Na iwe desturi kwamba anayetaka kurusha aseme anarusha, na anayetaka kuakisi aseme anaakisi. Wanaosikiliza watayabeba maneno hayo hadi nyumbani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu ungali mdogo, na udongo wa kuuziba upo tele. Siku ile nyanya atakapomuuliza mjukuu wake, kabla ya wageni kuketi, "Je, unarusha au unaakisi?", Kiswahili kitakuwa kimefanya kazi yake.