Windows 10 imefika mwisho, kompyuta yako bado ina njia

Kompyuta yenye Windows 10 bado inawaka kama kawaida, na hapo ndipo mtego ulipo. Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft imesitisha huduma ya kawaida ya kuziba matundu ya usalama ya mfumo huo. Waliojiunga na mpango wa nyongeza wamepewa muda tu.

Hatari yake ilishaonekana. Mei 2017, kirusi WannaCry kilipita kwenye tundu la Windows ambalo dawa yake ilishatoka tangu Machi. Ambao hawakusasisha waliumia, zikiwemo hospitali za Uingereza zilizofuta miadi ya wagonjwa.

Kuhamia Windows 11 nako kuna kikwazo: inataka TPM 2.0, kifaa cha usalama ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina.

Lakini kama kazi yako ni kuingia mtandaoni na kuchapa barua, Linux Mint ni ya bure na inatosha. Ukiweka programu unazozihitaji tu, unampunguzia mwizi milango.

Usibweteke lakini: Linux nayo ina matundu. Kinachokulinda ni kusasisha, siyo jina la mfumo. Na kabla ya kuhama, weka mafaili yako kwenye flashi kwanza.